Mizigo ya Watu Chumbani kwa Konso

Nimestaafu kazi ya usafi, lakini macho yangu yamekataa kustaafu. Juzi nilialikwa kwa kijana mmoja hapa Mwanga, Kigoma mjini, aliyeoa karibuni. Nikakaribishwa kwenye kochi, nikakaa, na vumbi likanipanda mpaka puani. Chini kuna zulia la manyoya ukuta kwa ukuta. Dirishani mapazia mazito, moja juu ya jingine. Juu ya kabati yamepangwa madubu ya manyoya kama wageni waliokuja harusini wakasahau kuondoka. Kitoto kichanga kinakohoa mgongoni kwa mama yake. Na mama yake, binti mzuri wa watu, amechukua kopo la marashi akapuliza hewani, pshh, pshh, akaniambia, “Ili kuwe na hewa safi, bibi.”

Nikamwambia, “Mwanangu, hewa safi iko nje. Fungua dirisha.”

Akasema dirisha huwa halifunguliwi, linaingiza vumbi.

Ndiyo maana nimekaa kuwaambia haya. Ninyi mnaoanza maisha, na ninyi mnaofanya kazi za usafi mahotelini na majumbani, nisikilizeni mara moja tu halafu mkanipuuze kwa raha zenu. Nimezoea kupuuzwa.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Jina langu Tatu, na mjini wengi wananiita Bi Tatu. Miaka mingi nilikuwa mhudumu wa wodi ya watoto hospitalini. Kazi yangu haikuwa sindano wala vidonge. Ilikuwa sakafu, vitanda, mashuka na ndoo. Watu wanadhani kazi hiyo haina cha kufundishwa, ukipewa fagio umemaliza. Na mimi niliingia kazini na mawazo hayohayo.

Aliyenitoa ujinga ni Sista Leokadia, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa Kasulu, mfupi, asiyependa kurudia neno. Asubuhi moja alinikuta nafagia kwa nguvu, mgongo umeinama, natafuta sifa. Jua lilikuwa linaingia dirishani. Akanishika bega akanigeuza nilitazame jua. Kwenye ule mwanga vumbi lilikuwa limesimama hewani, zito, linashuka polepole juu ya watoto waliolala.

“Unafanya nini?” akaniuliza.

“Nafagia, Sista.”

“Hufagii. Unalihamisha vumbi kutoka sakafuni unalipeleka vifuani mwao.”

Tangu siku hiyo sijafagia chumba cha mgonjwa kikavu. Unanyunyiza maji kwanza, kidogo, sakafu iwe na unyevu isiwe tope. Au unapiga deki moja kwa moja. Meza, kingo za dirisha, vichwa vya vitanda, unapangusa kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Yale manyoya ya kupangusia vumbi mnayouziwa madukani ni kwa ajili ya kulirusha vumbi, siyo kuliondoa. Unaanza juu unashuka chini, kwa sababu vumbi halipandi lenyewe. Nawashangaa sana wanaopiga deki halafu ndipo wanakumbuka kufuta juu ya kabati. Huyo itabidi aanze upya, na hatoanza, atakwenda kuangalia simu yake.

Sasa niwape habari ya Konso, maana ndiyo iliyonifundisha kwamba vumbi si kazi. Kazi ni watu.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Mitumbwi na maboti yalikuwa yanaingia kutoka ng'ambo, Burundi, watu wamejaa na mafurushi yao, wengine hawana hata furushi. Wengi walipokelewa wakapelekwa kambini, upande wa Kasulu na kwingineko. Lakini wenye ndugu mjini walipita kwanza kwa ndugu, wakalala siku mbili tatu, ndipo wakaendelea. Na Kigoma nani hakuwa na ndugu ng'ambo. Waha na Warundi tunasikilizana lugha na tumeoana tangu zamani.

Bangwe, kwenye mteremko unaotazama ziwa, kulikuwa na familia moja ya namna hiyo. Baba aliitwa Gervasi, mpakuaji mizigo bandarini. Aliletwa Tanzania akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia hapa. Mkewe aliitwa Skola, mwanamke msafi, nasema hivyo mapema ili msije mkamdhania vibaya. Na ndani kulikuwa na mama yake Gervasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyogokuru, yaani bibi kwa Kirundi. Mjukuu wake, Konsolata, mtoto wa Gervasi na Skola, ndiye Konso, alikuwa ameanza shule karibuni. Alikuwa na pumu.

Konso tulimjua wodini kama tunavyojua milango yetu. Analetwa kifua kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi. Anapewa dawa, anatulia, analala usingizi mzuri kwenye kitanda chetu, anarudi kwao. Haupiti muda, huyo tena mlangoni amebebwa na baba yake. Sista Leokadia akachoka. Akaniita, akasema, “Huyu mtoto akiwa hapa anapumua. Akiwa kwao hapumui. Kamalize deki yako, kisha nenda Bangwe ukaone anapolala.”

Nikaenda. Ua umefagiwa mpaka una alama za fagio. Masufuria yanang'aa juu ya kichanja. Nikajiuliza nimetumwa kufanya nini. Nyogokuru alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba cha ndani, mwembamba, ana rozari shingoni. Nikamwamkia, “Shikamoo mama.” Akaitikia, “Marahaba, amahoro,” yaani amani kwa Kirundi, akaniuliza habari za nyumbani kwangu moja baada ya nyingine, kwa adabu kabisa. Nilipoomba kuona chumba cha mtoto akasogeza miguu kidogo tu. Ilibidi niiruke.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba na njia ya kukifikia. Kwingine kote ni mizigo. Magodoro ya sufi yamekunjwa yakafungwa kwa kamba za katani, yamepandana mpaka karibu na bati. Magunia. Masanduku ya bati. Mafurushi ya vitenge. Nyungo, vikapu, ngozi ya mbuzi, mwili wa baiskeli usio na magurudumu, ngoma ya kanisani iliyopasuka. Vyote vimeegemezwa ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mlimani. Na chini ya kitanda cha mtoto, kuku jike amelalia mayai.

Nikamwuliza Skola, “Hivi vyote ni vyenu?”

Akamtazama mkwewe. Nyogokuru ndiye aliyejibu.

“Ni vya watu.”

“Haya magodoro?”

“Ya Sirili, mtoto wa mdogo wangu. Yuko kambini.”

“Na masanduku?”

“Ya jirani wa Sirili.”

“Na haya magunia huku?”

Akafikiri kidogo. “Sijui ni ya nani. Lakini aliyeyaacha anajua.”

Mtaniambia, kwa jibu kama hilo mtu anaendelea na nini. Mimi nilianza na yale ambayo hayana mwenyewe. Kuku nilimtoa siku ileile na mayai yake, akahamia jikoni, akasusa, akarudi kulalia. Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mduara, nikawaambia waiache, moshi ni moshi hata kama umenunuliwa dukani, watumie chandarua. Chandarua nacho kifuliwe. Nikamwonyesha Skola kunyunyiza kabla ya kufagia. Shuka na foronya za mtoto zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, moto wa kweli, siyo yale mnayoyaita ya moto kwa sababu yamekaa juani. Godoro lake litolewe nje kukiwa na jua kali, liwekwe juu ya mawe, ligeuzwe, lipigwe fimbo. Na wakati linapigwa, mtoto awe mbali, kwa jirani huko, asisimame pembeni kushangilia. Kwenye godoro kuna vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaishi kwa kula ngozi yetu inayopukutika, na kinyesi chao ndicho kinachowabana vifua wenye pumu. Nilipomweleza hivyo Skola alijikuna mwili mzima.

Tatizo la Skola lilikuwa bidii. Ukimwambia fanya kidogo, anafanya kwa ukoo mzima. Nilipoondoka akasema kama maji ya moto yanafaa, klorini itafaa zaidi. Akamwaga klorini sakafuni, akafutia kuta, akafunga dirisha ili dawa ishike. Konso akarudi kutoka shule akaingia kulala mchana. Jioni baba yake alimleta wodini anakimbia naye mikononi, midomo ya mtoto imeanza kubadilika rangi. Alikuwa ametoka kazini na gunia lake la begani bado liko shingoni. Alisimama kando ya kitanda kile kama mtu aliyepotea njia, anasema, “Alikuwa mzima. Asubuhi alikuwa mzima kabisa.”

Sista alimhudumia akapata nafuu. Kisha akanitazama mimi. Nikasema, “Sikumwambia klorini.” Akasema, “Basi siku nyingine mwambie na yale ambayo hutaki afanye.” Hilo nalo liwekeni akilini. Harufu kali inabana kifua kama vumbi, iwe ya dawa, ya rangi, ya marashi au ya udi. Ninyi wa makopo ya kupuliza, nawaona mnavyotazama pembeni.

Tukaendelea. Kiangazi kile Konso alikaa vizuri kwa muda, tukaanza kujisifu. Mvua zilipoanza, akarudi wodini. Akatoka, akarudi. Nikaenda Bangwe tena nikasimama katikati ya kile chumba, nikanusa. Kulikuwa na harufu ya udongo na kitu kilichooza, inatoka nyuma ya mizigo. Nikasogeza furushi moja. Mende wakatawanyika mpaka kwenye kanga yangu.

Nikamwambia Gervasi, “Baba Konso, hivi vitu viondoke. Kufagia pembeni yake ni kujisumbua.”

Gervasi akavua kofia. Alikuwa mtu wa kubeba magunia ya mchele melini siku nzima, lakini mbele ya mama yake mabega yalikuwa yanashuka. Akaenda mlangoni, akachuchumaa mbele ya kigoda. “Mama, umesikia. Tuvitoe.”

“Tuvipeleke wapi?”

“Tutafute pa kuviweka. Visivyofaa tutupe.”

“Watu walinipa mkononi,” Nyogokuru akasema. Hakupandisha sauti. “Walipita hapa hawana kitu kingine duniani. Wakaniambia, tutunzie, tutarudi. Wakirudi niwaambie nini? Kwamba nilitupa?”

“Mama, mtoto anaumwa.”

“Namwona. Nalala naye ukuta mmoja, nasikia anavyopumua usiku kucha. Unafikiri sisikii?” Akaanza kulia bila kufuta machozi. “Wekeni kitanda chake chumbani kwangu. Mimi nitalala humo na mizigo. Lakini sitavitupa.”

Kitanda kikahamishwa. Mkeka wa bibi ukatandikwa kule kwenye mizigo. Haikusaidia sana, kwa sababu kati ya vyumba vile viwili mlango ulikuwa pazia, na hewa haiombi ruhusa kupita. Sasa badala ya mmoja wakawa wanakohoa wawili. Nilikuwa natembea kwa miguu kurudi Ujiji nikijisemea peke yangu njiani, watu wakinipisha. Nilikasirika na yule mama, na nilikasirika zaidi kwa kuwa sikuweza kusema kwamba amekosea. Mngekuwa ninyi mngesema nini? Sista Leokadia mwenyewe, nilipompa habari, alisema, “Ongeza kumfundisha mtoto kutumia vizuri dawa yake ya kuvuta kwa mdomo. Hilo halina mwenyewe wa kambini.” Maana Konso alikuwa anapewa dawa ile akishazidiwa tu, wakidhani akiizoea itamwishia nguvu. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuku. Usafi hausimami badala ya dawa ya daktari, na anayewaambia hivyo anawadanganya.

Kilichotutoa pale hakikuwa hekima yangu. Alikuja Sirili mwenyewe.

Alipata kibali cha kutoka kambini kumleta mkewe hospitalini kutazamwa macho. Walishuka kwenye lori, vumbi la barabara ya Kidahwe limewageuza rangi nyekundu mpaka kope. Baada ya hospitali wakaenda Bangwe kuwasalimia. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimeleta mashuka chakavu ya wodini wakate vitambaa vya kupangusia. Sirili alikuwa mtu mrefu, mpole, amevaa shati jeupe alilolitunza kwa ajili ya mjini. Alikumbatiana na Nyogokuru muda mrefu. Wakala migebuka, samaki wa ziwani, kwa ugali wa muhogo. Walipokwisha kunawa, Nyogokuru akasimama, akamshika mkono, akamwongoza kwenye mlango wa chumba kama anayemwonyesha mtoto mchanga.

“Mwana wanje,” akamwambia, yaani mwanangu, “vyote vipo. Hakuna aliyegusa.”

Sirili akachungulia. Nilidhani ameguswa na ukarimu ule, na kweli macho yake yalikuwa yamejaa, lakini alipogeuka niliona ni jambo jingine.

“Mama mkubwa,” akasema, “hivi bado mnavyo?”

“Uliniambia nikutunzie.”

“Nilisema hivyo.” Akajishika shingo. “Mama mkubwa, yale magodoro yalilowa kwenye mtumbwi. Yalikuwa yananuka tangu siku ile. Ningewezaje kusimama mlangoni kwako, umenipokea na watu wangu, nikakuambia nakuachia takataka? Nikasema nitunzie. Nilijua mkishatuona tumekwenda mtatupa, au mtachagua la kulalia. Niko kambini nawaza kwamba mlishawasha moto zamani.”

“Na masanduku ya jirani yako?”

“Jirani alisharudi kwao. Masanduku hayana kitu, mama. Kilichokuwamo tuliuza njiani.”

Skola alikuwa ameshika sinia, hakuliweka chini. Gervasi alitazama dari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kukaa sakafuni nicheke mpaka nilie. Mtoto alikuwa amebebwa mchana na alfajiri kupelekwa hospitali, bibi amelala na mende, wote wanalinda vitu ambavyo mwenyewe aliona aibu kuvitupa.

Nyogokuru akamwambia Sirili kwa sauti ndogo, “Vua shati.”

“Mama mkubwa?”

“Vua shati hilo usilichafue. Uvitoe mwenyewe. Chote. Sasa.”

Akavua. Akaanza kubeba. Gervasi akamfuata, naye akavua lake. Mimi nilimchukua Konso nikamkabidhi kwa jirani wa chini karibu na ziwa, mbali na lile vumbi, nikawafunga wale wanaume kanga puani na mdomoni. Magodoro yalipoinuliwa yalipasuka, ndani sufi imekuwa nyeusi, panya wamezaa humo. Magunia yale yasiyo na mwenyewe yalikuwa na maharage yaliyogeuka unga wa wadudu.

Ukuta ulipoonekana, tulielewa. Kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno ulikuwa na ukungu mweusi na wa kijani, wenye manyoya kabisa. Maji ya mvua kutoka mlimani yalikuwa yanagonga ukuta ule kwa nje na kuzama ndani, na mizigo ilikuwa imeuziba usikauke. Ningefagia pale miaka kumi. Kwa hiyo ninyi mnaosukuma makabati mkayagandamiza ukutani, acheni nafasi ya mkono kupita nyuma, muwe mnachungulia mara kwa mara.

Furushi la mwisho lilikuwa dogo, la kitenge cha bluu. Sirili aliliinua halafu hakwenda nalo popote. Akasimama nalo uani, kifua wazi, jasho linachuruzika juu ya vumbi.

“Hili sikuliacha kwa aibu,” akasema.

Zilikuwa nguo za kanisani za mama yake, mdogo wake Nyogokuru. Aliugua kwenye mtumbwi, akafa kabla hawajafika mbali na ufukwe. Nyogokuru alijua. Alikuwa analijua lile furushi muda wote, na hakuwahi kututajia.

“Sikuweza kulibeba kwenda nalo,” Sirili akasema, “na sikuweza kulitupa.”

Nyogokuru akalipokea. Akakaa nalo juu ya jiwe. Akasema, “Ndiyo maana nilikuwa nakaa mlangoni. Nilikuwa naogopa wataanza na hili.”

Mnaniona mkali, lakini sikumwambia atupe. Nilimwomba tulifungue pamoja. Nondo walikuwa wamekula sketi, haikufaa hata kwa tambara, ile tukaichoma na yeye ndiye aliyeitia motoni. Kitenge na kilemba vilikuwa vizima. Nikachemsha maji, tukavifua, tukavianika kwenye mawe yenye jua mpaka vikakauka kabisa, vikakunjwa, vikawekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Ndoo hiyo haichukui nafasi wala haitoi vumbi. Mtu hahitaji chumba kizima kumkumbuka dada yake, lakini anahitaji kitu, na anayefanya kazi yetu asiyelijua hilo afukuzwe kazi.

Kabla ya mvua nyingine Gervasi alichimba mtaro nyuma ya nyumba kuyaongoza maji pembeni. Wakakwangua ukuta, wakaupiga lipu upya, wakaupaka chokaa, dirisha likaongezwa upana, na Konso hakuingia mpaka harufu yote ilipokwisha. Sirili alisharudi kambini kwa sababu kibali chake kilikuwa cha muda mfupi.

Konso hakupona pumu, msije mkatangaza kwamba Bi Tatu anaponya pumu. Ilimshika tena mara kadhaa, hasa kipindi cha baridi. Lakini alikuwa anatumia dawa yake inavyotakiwa, na wodini tukaanza kumsahau sura. Mwalimu wake alilalamika kwamba sasa anaongea sana darasani. Leo ni mama wa watoto, anaishi Mwandiga, na nyumbani kwake huwezi kukaa kwenye kochi kwa sababu hana kochi, ana viti vya mbao anavipangusa.

Lakini niwamalizie habari ya Bangwe.

Muda ulipita, vita vikapamba moto tena ng'ambo, mitumbwi ikaanza kuingia upya. Ilikuwa sikukuu ya Idi. Nilivaa vizuri, baibui jipya, hina mikononi, nikabeba sahani ya maandazi kwenda kuwasalimia, maana tulishakuwa ndugu. Nikiwa bado mbali kwenye mteremko nikaona uani kuna watu. Mama mmoja na watoto wake wadogo, wamechoka, nguo zimewakaukia mwilini. Na kando yao mafurushi, makubwa, ya kutosha kujaza chumba. Nilisimama njiani. Nikajiambia, haya, tumerudi kulekule, nikasogea mpaka langoni.

Nyogokuru alikuwa amesimama mbele yao na fimbo yake. Aliwaamkia, akawauliza majina ya wazazi wao, akakuta kuna ukoo. Akawaambia watoto waingie ndani, wapewe uji, walale. Kisha akamgeukia yule mama, aliyekuwa anayasogeza mafurushi kuelekea mlangoni.

“Hayo si humo,” akasema. “Humo wanalala watoto. Tumejenga banda kule nyuma, lina mbao chini. Kwanza yafunguliwe juani.”

Yule mama akasema kwa unyenyekevu, “Nitunzie tu, mama. Nitarudi kuyachukua.”

Nyogokuru alimtazama kwa huruma, nami nilimjua vya kutosha kuona anavyojizuia.

“Mwanangu, hapa hatuoneani aibu. Unavihitaji, au huwezi kuvitupa mwenyewe? Niambie ukweli, nitakusaidia kwa lolote kati ya hayo.”

Yule mama akapiga magoti, akafungua furushi moja, akatoa sufuria, akatoa Biblia, akatoa nguo za watoto akaziweka kwenye mapaja. Mengine akayasukuma mbali kwa mikono miwili, akaketi chini, akapumua kwa nguvu kama aliyetua mzigo wa kuni kichwani.

Nyogokuru akaniona nimesimama langoni na sahani yangu. Hakunipa hata mkono wa Idi.

“Bi Tatu, umekuja wakati mzuri,” akasema, akanyoosha fimbo kuelekea ndoo. “Kitambaa kiko pale. Chumba cha watoto hakijapanguswa leo.”

Nikampa Skola maandazi, nikakunja mikono ya baibui langu jipya, nikalowesha kitambaa, nikaanza na juu ya mlango.